Dawa ya kupaka kwenye ukucha wenye kuvu: ipime kabla ya kuisifu

Ubundu, mji wa mkoa wa Tshopo nchini Kongo, inaishi na maji. Boti zinazotoka Kindu kwa mto Lualaba huishia hapa, kwa kuwa mbele yake kuna maporomoko ya Boyoma, na mizigo hushushwa ili iendelee kwa reli ya kilomita 125 hadi Kisangani, siku ambazo treni ipo. Anayebeba magunia bandarini analowa, mvuvi analowa, mwenye shamba la mpunga analowa, na anayejikinga kwa buti za plastiki analowa kwa jasho lake mwenyewe. Katika joto la ikweta, mguu wa namna hiyo ni makazi mazuri ya kuvu. Ukucha wa kidole gumba unabadilika rangi, unanenepa, unaanza kumeguka kwenye ncha, na unga mweupe unajikusanya chini yake. Hapo ushauri unaanza kumiminika: paka violeti, paka pomadi ya ngozi, paka balmu ya mafua, saga kitunguu saumu, loweka kwenye siki, chemsha majani fulani. Kila dawa ina shahidi wake, na shahidi huyo hasemi uongo. Aliona kweli ukucha wake ukipendeza. Hoja yangu ni kwamba karibu mashahidi hawa wote hawajapima kitu, kwa sababu ukucha wa mguu unakwenda polepole mno kuliko haraka yetu ya kuihukumu dawa. Na mtu yeyote mwenye tupa, rula na kalenda anaweza kuipima dawa kwenye mguu wake mwenyewe, akapata jibu la kuaminika kuliko ushuhuda wa mtaa mzima.

Tuanze na mwendo wa ukucha wenyewe. Wa mkono huota karibu milimita 3 kwa mwezi. Wa mguu huota nusu ya hapo, milimita moja na nusu hivi, pungufu kidogo ya upana wa punje ya mchele. Kidole gumba cha mguu kinahitaji miezi 12 hadi 18 kubadilisha ukucha wote kutoka shina hadi ncha. Tena sehemu iliyokwisha kuharibika haiponi. Hata kuvu yote ikifa leo, ile sehemu ya manjano itabaki manjano, itasukumwa mbele na ukucha mpya, na itaondoka tu siku itakapokatwa. Kutokana na jambo hili moja watu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza anapaka wiki tatu, anaona ukucha uko vilevile, anatupa dawa iliyokuwa inafanya kazi. Wa pili anapaka wiki hizo hizo tatu, lakini kabla ya kupaka alikata na kukwangua sehemu iliyooza, mafuta yakaupa ukucha mng'ao, na sasa anamsimulia kila mtu kwamba amepona. Aliyefanya kazi hapo ni wembe. Miezi mitano baadaye uchafu umerudi, lakini ushuhuda umeshafika mbali na hakuna anayeufuata kuusahihisha.

Kabla ya kupima dawa yoyote ni lazima ujue unapambana na nini, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kati ya kucha zote za miguu zilizoharibika, kuvu husababisha karibu nusu tu. Nusu nyingine ina sababu zake: buti inayobana, jiwe lililoangukia kidole, ugonjwa wa ngozi kama soriasisi, na kwetu huku, funza. Funza wanapenda kujichimbia pembeni mwa ukucha, na mtu aliyeumwa nao tangu utotoni anaweza kubaki na kucha zilizopinda na nene zisizo na kuvu hata kidogo. Mtu huyo akipaka dawa ya kuvu miaka kumi, atasema dawa zote za dunia ni bandia. Weusi chini ya ukucha nao usichukuliwe kirahisi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mistari myembamba ya rangi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida, lakini mstari mmoja unaopanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi, ni wa kupeleka kwa daktari, si wa kupaka dawa. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu, na mwanzoni kidonda kile kilidhaniwa kuwa jeraha la mpira.

Uthibitisho wenyewe si ghali kama inavyodhaniwa. Darubini ile ile inayotafuta vijidudu vya malaria inatosha. Mpimaji anakata ukucha uliokufa, kisha anakwangua unga wa chini, karibu kabisa na mpaka wa sehemu nzima, kwa sababu huko ndiko kuvu hai iliko. Unga wa kwenye ncha mara nyingi umejaa mabaki na uchafu wa njia. Unga huo unawekewa tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 hadi 20, unaachwa ulainike, na kama kuvu ipo nyuzi zake huonekana. Kipimo kikisema hakuna, usikate tamaa haraka, kwa maana kinakosea mara nyingi upande huo. Rudia kwa sampuli nyingine. Kuotesha kuvu kwenye sahani ya maabara huchukua wiki kadhaa na huku kwetu kunahitaji safari ya Kisangani au mbali zaidi, ila ndiko kunakotaja jina la kuvu, na jina lina faida. Kuvu iliyozoeleka zaidi ni Trichophyton rubrum. Lakini katika nchi za joto wapo wengine, kama Neoscytalidium dimidiatum, ambao wanaharibu ukucha kwa sura ileile na hawajali dawa nyingi tulizo nazo. Griseofulvini, kwa mfano, haimgusi huyo wala haigusi Candida.

Sasa tutazame dawa zilizopimwa kwa ukali, ili tujue tutarajie nini. Efinakonazoli ya asilimia 10, dawa ya matone iliyoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2014, ilipitia majaribio mawili makubwa yenye watu zaidi ya 1,600 kwa jumla. Walipaka kila siku kwa wiki 48, wakahukumiwa wiki ya 52. Waliopona kabisa, yaani ukucha safi wote na maabara isiyoona kuvu, walikuwa asilimia 17.8 katika jaribio la kwanza na 15.2 katika la pili. Verni ya siklopiroksi ya asilimia 8, ambayo ni ya zamani zaidi, ilifikisha asilimia 5.5 na 8.5 tu baada ya mwaka karibu mzima. Na hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa, wenye ukucha ulioharibika kwa kiasi, si zile kucha zilizoliwa mpaka shinani. Kwa hiyo muuzaji anayekuahidi kupona kwa mwezi mmoja kwa dawa ya kupaka anadai kuwa na kitu ambacho kampuni kubwa za dawa hazijakipata. Uwezekano kwamba anacho upo, ila ni mdogo sana.

Namba nyingine katika majaribio yale ya efinakonazoli inanivutia kuliko hizo. Wapo waliopewa kimiminiko kilekile bila kiini cha dawa. Mwisho wa mwaka, maabara haikuona kuvu kwa asilimia 17 hivi ya hao waliopaka kitu kisicho na dawa. Karibu mtu mmoja katika kila sita! Baadhi yao pengine sampuli ilichukuliwa vibaya, baadhi walifaidika na kukatwa na kutunzwa kwa ukucha, baadhi kuvu ilipungua yenyewe. Sababu zozote ziwazo, maana yake kwa mtaa ni kubwa: watu sita wakipaka maji ya kisima kwa uaminifu mwaka mzima, mmoja anaweza kutoka na karatasi ya maabara inayosema hana kuvu. Ataapa kwa maji hayo. Ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja, hata mwenye karatasi, hautoshi, na ndiyo sababu jaribio lolote lisilo na cha kulinganishia linapaswa kusomwa kwa tahadhari. Balmu ya menthol na kafuri, ile ya Vicks, iliwahi kujaribiwa na matokeo yake kutolewa mwaka 2011: watu 18, wiki 48, watano wakapona. Inavutia kusikia, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, hivyo hatuwezi kusema watano hao waliponywa na balmu au wangepona hata hivyo.

Cha kulinganishia, kwa bahati nzuri, kila mtu anacho: ana miguu miwili. Watafiti waliitumia bahati hiyo Gatundu nchini Kenya walipopima dawa za kupaka dhidi ya funza, utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Kwa kila mmoja wa washiriki 47, mguu mmoja ulipata dimetikoni, aina ya mafuta ya silikoni, na mwingine ukapata pamanganeti ya potasiamu, dawa ya zambarau iliyozoeleka vituoni. Siku ya saba, asilimia 78 ya funza upande wa dimetikoni hawakuwa na dalili ya uhai, upande wa pamanganeti 39. Umri, chakula, usafi na matembezi ya mtu ni yaleyale kwa miguu yote miwili, kwa hiyo tofauti inayobaki inaelekea kuwa ya dawa. Mwenye kucha mbili za vidole gumba zilizougua kwa kiasi kinachokaribiana anaweza kufanya hivyo hivyo. Zikate na kuzikwangua zote mbili sawasawa. Kisha usichague mwenyewe ukucha wa kupata dawa, kwa sababu mkono utakwenda kwenye ule wenye nafuu. Rusha kifuniko cha chupa kiamue. Kama dawa yako ni majani yaliyolowekwa kwenye mafuta, ukucha wa pili upakwe mafuta yaleyale yasiyo na majani, kwa saa zilezile.

Usipime kwa macho na kumbukumbu. Chukua tupa nyembamba au ncha ya wembe safi, uchore mfereji mdogo wa kulala juu ya ukucha, pale pale ambapo sehemu ya manjano inakutana na sehemu nzima upande wa shina. Usichimbe, mkwaruzo unaoonekana na kuhisiwa kwa ncha ya kucha ya mkono unatosha. Mfereji huo utasafiri mbele na ukucha, milimita moja na nusu kwa mwezi, na kuvu ama itabaki mbele yake ama itarudi nyuma kuupita. Baada ya miezi miwili, na tena baada ya minne, tazama nafasi kati ya mfereji na shina. Kama nafasi hiyo yote ni safi, na umanjano wote umebaki upande wa ncha, basi ukucha unaota haraka kuliko kuvu inavyokula, na hilo ndilo jambo pekee ambalo dawa ya kupaka inaweza kulifanya. Kama umanjano umevuka mfereji kuelekea shina, hata kwa mshipa mmoja mwembamba, kuvu inashinda, haidhuru ncha inang'aa namna gani. Pima kwa rula urefu wa sehemu safi, uandike kwenye kalenda, upige picha kwa simu kila mwezi mchana, mahali pamoja, mguu ukiwa umeoshwa na kukauka. Mfereji ukifutika, uchore upya mahali ulipokuwa. Na kama kuna mtu nyumbani asiyejua ukucha upi unapata dawa, mwambie yeye asome rula.

Utaratibu huu unazikataa dawa fulani kabla hata ya kuanza. Violeti ya jentiani inaua baadhi ya kuvu, hasa Candida, ila inapaka ukucha rangi mpaka usione mpaka wa ugonjwa uko wapi. Dawa inayoficha ushahidi haipimiki. Hina na verni ya rangi nazo ni hivyo hivyo. Pomadi zilizochanganya dawa ya kuvu na betamethasoni au klobetasoli, zinazouzwa sana sokoni, zina udanganyifu wa aina nyingine: zinatuliza mwasho na wekundu wa ngozi haraka, mtu anafurahi, huku kinga ya ngozi imeshushwa na kuvu inatambaa. Halafu kuna zile za kukataza moja kwa moja. Maji ya betri na Jik isiyochanganywa havijui kuvu wala nyama. Vitaunguza vyote. Mwisho, usichanganye dawa mbili. Anayepaka siki asubuhi, balmu mchana na majani usiku hatajua kamwe nini kilimsaidia, na kikimwunguza hatajua aache nini.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wazee, nalo lina uzito: majani haya yametumika tangu mababu, yanahitaji kupimwa na nani? Chukua Senna alata, mmea wenye maua ya manjano yaliyosimama wima, ambao wasema Kifaransa huuita dartrier kwa sababu ya kazi yake ya kutibu mabato. Majani yake yana kemikali zinazoizuia kuvu kweli, na matumizi yake kwenye ngozi yanajulikana kuanzia Afrika hadi Asia. Ila ngozi si ukucha. Ukucha ni bamba gumu la keratini, nene mara nyingi kuliko tabaka la juu la ngozi, na kemikali nyingi zikiingia humo zinanaswa na keratini yenyewe kabla ya kufika chini kwenye kitanda cha ukucha, kuvu ilikojificha. Ni kwa sababu hiyo klotrimazoli ya pomadi inayosafisha katikati ya vidole inashindwa juu ya ukucha wa kidole kilekile. Ni kwa sababu hiyo pia habari kwamba mmea fulani umeua kuvu kwenye sahani ya maabara haitoshi: sahani haina bamba la kupenya. Wazee wako sahihi kuhusu ngozi, na huenda wako sahihi kuhusu ukucha. Kupima si kuwadharau. Mexico walichukua mmea wao wa jadi, Ageratina pichinchensis, wakaushindanisha na siklopiroksi kwa wagonjwa wapatao mia moja, na haukuachwa mbali. Leo mmea huo unatajwa katika vitabu vya tiba, heshima ambayo majani ya Tshopo yangeweza kuipata kwa njia ileile.

Pingamizi la pili ni la huruma: kwa nini kuuacha ukucha mmoja uteseke bila dawa? Kwa mtu mwenye afya, kuvu ya ukucha ni kero na aibu kuliko hatari, na miezi minne ya kulinganisha haitampotezea kitu ambacho hakijapotea tayari. Kinachoweza kuharibu jaribio ni kuvu kuhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hivyo ngozi ya miguu yote miwili, hasa katikati ya vidole, itibiwe kwa pomadi ya kawaida ya kuvu tangu siku ya kwanza. Lakini wapo ambao hawapaswi kujaribu lolote peke yao. Mwenye kisukari, mwenye miguu isiyohisi, mwenye mzunguko mbaya wa damu, asiguse ukucha kwa wembe wala tupa. Mkwaruzo mdogo kwake unaweza kuwa kidonda kisichofunga. Na Kongo bado ni nchi yenye ukoma, kwa hiyo ganzi mguuni pamoja na bato lisilohisi ni safari ya kituo cha afya leo, habari ya ukucha ifuate baadaye.

Wengine watasema haya yote ni anasa, kwamba mpakuzi wa bandarini hana pesa ya matone ya Marekani wala subira ya mwaka. Hana, ni kweli. Ila ndiye anayepoteza zaidi kwa kununua kila mwezi kichupa kipya cha kitu kisichofanya kazi. Mfereji wa tupa ni bure, na jibu la kwanza linapatikana ndani ya miezi miwili. Na yapo mambo ya bure yanayoamua matokeo kuliko chapa ya dawa: kukausha katikati ya vidole, kugeuza buti usiku na kuzianika juani, kuwa na jozi mbili za kubadilishana kwa anayeweza. Jilinde pia usiambukizwe upya: vijana wanaopita mitaani wakigonganisha vichupa vya verni na kukata kucha za wapita njia wanatumia wembe mmoja kwa miguu mingi. Nenda na wako, au wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako. Tupa inayokwangua ukucha mgonjwa isiguse mzima.

Miezi minne ikiisha, soma kalenda yako. Kama ukucha wenye dawa umeupita ule mwingine kwa milimita kadhaa za usafi, hamishia dawa kwa zote mbili na uendelee mpaka manjano ya mwisho yakatwe, pengine mwaka na zaidi. Kama zinafanana, dawa hiyo haijakufaa, bila kujali imemfaa nani, na ni wakati wa kuzungumza na daktari kuhusu terbinafini ya vidonge: miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12 ilileta kupona kabisa kwa asilimia 38 katika majaribio, mara mbili ya matone bora, ila ini lichunguzwe kwanza na dawa nyingine unazomeza zitajwe. Ukidhani umepona na unataka maabara ithibitishe, acha kupaka kwa wiki nne hivi kabla ya kutoa sampuli, kwa sababu dawa iliyobaki ndani ya ukucha inaweza kuizuia kuvu isiote kwenye sahani hata kama bado ipo.